Nimelipia bima kubwa, kumbe gari lina bima ndogo

Ndugu Mshauri,

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Morogoro. Nina gari dogo aina ya Toyota IST nililolinunua kwa mkopo wa chama chetu cha akiba na mikopo, na kwa kuwa deni lake bado nalilipa, tangu mwanzo nilikusudia liwe na bima kubwa, ile inayolipia hata uharibifu wa gari lenyewe. Kazi ya kunikatia bima niliikabidhi kwa kijana mmoja anayefanya uwakala wa bima. Nilimfundisha darasa la saba, wazazi wake ni majirani zetu, na hadi leo hanipiti njiani bila kuniamkia. Kila mwaka bima inapokaribia kwisha hunipigia simu na kunikumbusha, nami humtumia kwenye simu yake shilingi 578,200, yaani asilimia 3.5 ya thamani ya gari, shilingi milioni 14, pamoja na VAT. Baada ya muda mfupi hunitumia picha ya stika kwa WhatsApp. Trafiki wamenisimamisha mara nyingi, wakahakiki, na hawajawahi kuniambia kuna kasoro.

Mwezi uliopita nikiwa nakata kona karibu na Msamvu niligongana na bodaboda. Dereva wake alivunjika mguu na amelazwa. Askari walipima eneo, wakaona kosa ni langu, na sikubishana nao. Gari limeumia mbele: boneti, bampa, taa ya kulia na rejeta. Nilipompigia kijana, aliniambia nisiende kwenye kampuni, yeye atashughulikia kila kitu. Siku zikapita bila jibu, ndipo nikaamua kwenda mwenyewe kwenye tawi la kampuni. Ofisa alifungua mfumo akanionyesha kwamba kwa miaka yote mitatu gari langu limekatiwa bima ndogo ya shilingi 118,000. Nilitoka pale sijui ninakanyaga wapi.

Kijana nilipombana alilia na kukiri, akaniomba nisimpeleke popote. Kisha akaja na wazo ambalo fundi wa gereji lilipo gari analiunga mkono. Wanasema tukate bima kubwa sasa, gari lisiguswe, halafu baada ya wiki kadhaa niripoti ajali kana kwamba imetokea wakati huo. Fundi ataandika makadirio makubwa kidogo, akiingiza hata taa ya kushoto ambayo ni nzima, ili ibaki fedha ya kumpoza askari atakayetuandikia ripoti. Mume wangu anaona hakuna dhambi, kwa sababu fedha ya bima kubwa tulishailipa na tunachodai ni haki yetu.

Ninachokuuliza ni kama kweli kuna ubaya katika jambo hilo, na kama nikienda kwenye sheria nitapata chochote au nitaishia kumfunga mtoto wa jirani. Tena ndugu wa yule dereva wa bodaboda wanakuja nyumbani kila mara kudai fedha za matibabu, na sijui niwajibu nini. Linaloninyima usingizi zaidi ni kwamba walimu wenzangu kadhaa walikata bima kwa kijana huyu kwa sababu mimi ndiye niliyewapeleka.

Mwalimu, Morogoro

*

Mwalimu,

Pole kwa ajali, na pole kwa yaliyofuata. Nianze na wazo la kijana na fundi, kwa sababu ndilo lenye haraka. Likatae leo, na ulikatae kwa maandishi, hata kama ni kwa ujumbe mfupi wa simu, ili siku yoyote utakapoulizwa ionekane wazi kwamba uliletewa jambo hilo na hukushiriki.

Hoja ya mume wako naielewa, lakini haisimami. Ni kweli mlilipa, ila fedha hiyo haikufika kwenye kampuni. Kila mwaka kampuni ilipata shilingi 118,000, na shilingi 460,200 zikabaki mfukoni mwa kijana, ambazo kwa miaka mitatu ni shilingi 1,380,600. Mwenye deni lenu ni yeye, na huenda kampuni nayo ikabeba sehemu yake kwa njia nitakayoieleza, lakini njia hiyo haipiti kwenye ajali ya kubuni. Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 302, inalitaja kosa la kujipatia mali kwa njia ya udanganyifu, na adhabu yake inaweza kufika kifungo cha miaka 7. Ukiongeza ripoti ya polisi yenye tarehe ya uongo unaingia pia kwenye kughushi na rushwa. Hivi sasa wewe ni mlalamikaji mwenye ushahidi mzuri. Siku utakayosaini fomu ya madai yenye tarehe isiyo ya kweli utakuwa mtuhumiwa mwenza wa mtu aliyekuibia, na ajira yako ya utumishi wa umma itakuwa mikononi mwake, kwa sababu atakayebanwa kwanza ni yeye na wa kwanza kumtaja utakuwa wewe.

Wala usidhani ni vigumu kugundulika. Bima ikikatwa siku hizi huingia kwenye mfumo wa kielektroniki ikiwa na saa na tarehe yake, na dai linaloletwa muda mfupi baada ya bima kuanza ni miongoni mwa yale ambayo kampuni huyachunguza kwa makini zaidi kuliko mengine. Ajali yako ya kweli ina kumbukumbu polisi, ina majeruhi mwenye fomu ya polisi ya matibabu, PF3, na faili hospitali, na ina watu waliopiga picha kwa simu zao pale Msamvu. Mtathmini wa hasara akifika gereji atatazama kutu iliyokwisha kuingia kwenye chuma kilichochubuka, atauliza jirani wa gereji gari lilifika lini, na atashangaa rejeta iliyopasuka imekauka kiasi hicho kwa ajali ya juzi. Na kabla ya yote hayo, ofisa wa tawi uliyemtembelea anajua kwamba ulifika pale ukiulizia gari lililogongwa.

Kuhusu taa ya kushoto nitasema kwa ufupi, kwa kuwa wengi huliona jambo dogo. Kuongeza kifaa kizima kwenye orodha ya vilivyovunjika ni udanganyifu wa bima hata pale ambapo ajali yenyewe ni ya kweli na bima yenyewe ni halali, na unaweza kulifanya dai zima likataliwe. Fundi anayekupendekezea hivyo kwa faida yako ndiye huyohuyo atakayemwandikia mteja mwingine kifaa kipya na kumfungia kilichotumika.

Sasa nikuambie jambo ambalo nadhani katika huzuni yako hujaliona. Bima ndogo uliyonayo ni halali na inafanya kazi. Ni bima ya mtu wa tatu, ile ambayo sheria inamlazimisha kila mwenye gari awe nayo, na kazi yake ni kulipa fidia kwa mtu uliyemjeruhi au uliyemharibia mali kwa gari lako. Haitatengeneza IST yako, lakini dereva wa bodaboda na pikipiki yake inawahusu moja kwa moja. Kijana alipokuambia usiende kwenye kampuni alikuwa akiilinda siri yake, na wakati huohuo alikuwa anachelewesha fidia ya mtu aliyevunjika mguu. Kwa hiyo kabla hujadai chochote chako, peleka taarifa ya ajali kwenye kampuni kwa maandishi, ukiwa na ripoti ya polisi, ramani ya tukio, nakala ya leseni yako ya udereva na kadi ya gari, na ueleze kwa nini umechelewa. Ndugu wa majeruhi waambie ukweli kwamba gari lina bima, wape jina la kampuni na namba ya stika, na uwaombe watunze PF3 na kila risiti ya hospitali. Ukiwasaidia chakula au nauli ya kwenda kumwona mgonjwa ni ubinadamu na hakuna atakayekulaumu, lakini usiandikiane nao makubaliano ya fidia wala kuwaahidi kiasi chochote kabla kampuni haijahusishwa, kwa sababu mikataba mingi ya bima inamkataza mkata bima kufanya hivyo na kampuni inaweza kukataa kulipa kilichoahidiwa bila idhini yake.

Tuje kwenye fedha yako. Swali kubwa ni kijana huyu alikuwa nani mbele ya sheria. Dalali wa bima humwakilisha mteja, lakini wakala wa bima huiwakilisha kampuni, na wote wawili hawaruhusiwi kufanya kazi hiyo bila kusajiliwa na Mamlaka ya Usimamizi wa Bima Tanzania, yaani TIRA. Sheria yetu ya Mikataba ina sehemu nzima inayohusu uwakala, na msingi wake ni kwamba aliyemtuma wakala hubeba matokeo ya yale ambayo wakala ameyafanya ndani ya mamlaka aliyopewa, pamoja na yale ambayo aliyemtuma amewafanya watu waamini kwamba yamo ndani ya mamlaka hayo. Ikiwa kijana alikuwa wakala aliyesajiliwa wa kampuni hiyo, akatumia fomu zake na mfumo wake kukukatia bima, kampuni haiwezi kukuambia tu kwamba mambo hayo ni yako na yeye. Ikiwa hakuwa na usajili wowote, alikuwa akipitishia kazi zake kwa wakala mwingine, na hapo njia yako dhidi ya kampuni ni nyembamba zaidi. Sitakuficha kwamba hata katika hali ya kwanza kampuni itakuwa na jibu lake, nalo ni kwamba ulilipa kwenye simu ya mtu binafsi badala ya akaunti ya kampuni, na kwa miaka mitatu hukuwahi kudai hati wala risiti. Ni jibu lenye nguvu kiasi, kwa hiyo usitegemee kwamba utapata kila kitu. Lakini usiliache dai kwa kuogopa jibu hilo.

Ushahidi wako uko kwenye simu, na simu huibiwa na huanguka majini. Nenda kwenye kampuni ya simu ukaombe taarifa rasmi ya miamala yote uliyomtumia, yenye jina lake na tarehe. Mazungumzo ya WhatsApp yahifadhi yote, hasa pale alipotaja kiasi na pale alipotumia neno bima kubwa, kwa kuwa maneno hayo ndiyo yanayoonyesha kwamba ulichoagiza si ulichopewa. Picha za stika usizifute. Gari nalo lipigwe picha kila upande kabla halijaguswa, na usiruhusu litengenezwe mpaka kampuni iwe imepewa nafasi ya kulikagua, kwa sababu ukija kudai gharama za matengenezo utaulizwa uharibifu ulikuwaje.

Kisha iandikie kampuni barua ya malalamiko, tofauti na taarifa ya ajali, iende kwa meneja wa tawi na nakala makao makuu. Eleza tarehe na kiasi cha kila malipo, aina ya bima uliyoomba, na aina uliyokuja kuambiwa kwamba unayo. Omba vitu viwili kwa jina: nakala za fomu za maombi ya bima za miaka yote mitatu, na uthibitisho wa maandishi kama mtu huyu ni wakala wao. Fomu za maombi zina uzito mkubwa hapa. Bima kubwa huombwa kwa fomu inayotaja thamani ya gari, na mwombaji huisaini. Wewe katika barua yako hukutaja kusaini fomu yoyote. Ikiwa kwenye faili kuna fomu ya bima ndogo yenye saini inayoitwa yako, basi imeghushiwa, na hapo jambo linabadilika uzito kwa kijana na kwa kampuni iliyoipokea.

Kampuni isipokujibu, au ikijibu kwa namna usiyoridhika nayo, malalamiko yanakwenda TIRA, ambayo ina ofisi za kanda na ndiyo yenye uwezo wa kumchukulia hatua wakala na kampuni. Ipo pia ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, iliyowekwa na Sheria ya Bima ya mwaka 2009 kwa ajili ya migogoro kama huu kati ya mteja na kampuni, na huko utaulizwa kwanza kama kampuni ulishaipa nafasi ya kujibu, ndiyo sababu nimesisitiza barua. Wizi wenyewe ni suala la polisi. Ukianza kuzungusha barua hizi huenda ukapigiwa simu na mtu atakayejitambulisha kuwa ofisa wa bima, akisema fidia yako iko tayari ila kuna ada ya kufungua faili ya kutuma kwa namba fulani. Usitume. Namba yake ipeleke kwa ujumbe mfupi kwenda 15040, ambayo ni namba ya bure ya kuripoti matapeli wa mitandao ya simu.

Kuhusu walimu wenzako, usingoje kesi yako iishe. Waambie kesho kwenye ofisi ya walimu, na huna haja ya kumtukana mtu. Kila mmoja aingie kwenye mfumo wa TIRA-MIS kwa namba ya usajili wa gari lake au namba ya stika, aone kama bima ipo, ni ya kampuni gani na inaisha lini. Wasiishie hapo, kwa sababu stika yako wewe ilikuwa ya kweli na ndiyo maana trafiki hawakusema neno. Wao barabarani wanahakiki kama gari lina bima, hawana njia ya kujua kama ni bima uliyoilipia. Aina ya kinga imeandikwa kwenye kavanoti, yaani hati ya kuthibitisha bima, na kwenye mkataba wenyewe, pamoja na thamani ya gari iliyokatiwa na ada iliyopokelewa. Asiye na kavanoti aiombe kwenye kampuni, si kwa kijana, na kiasi kilichoandikwa akilinganishe na kile alichotuma.

Nikiisoma barua yako naona dalili nyingine ambayo inafaa wenzako waijue. Thamani ya gari hushuka kila mwaka, na kwa kuwa ada ya bima kubwa ni asilimia ya thamani hiyo, ada nayo kwa kawaida hushuka. Kijana alikutoza shilingi 578,200 mwaka wa kwanza, wa pili na wa tatu, kana kwamba IST yako haizeeki. Pia hakuna mahali uliposema kwamba gari lilikaguliwa au kupigwa picha kabla ya kukatiwa bima kubwa, jambo ambalo kampuni nyingi hulidai ili zisije zikalipia mkwaruzo wa zamani. Na kama kuna mwenzako aliyeambiwa alipe nusu kwanza na gari litaanza kulindwa papo hapo, huyo akaangalie haraka kuliko wengine, kwa kuwa kwa taratibu zetu ada ndiyo hutangulia, kinga hufuata.

Limebaki la mtoto wa jirani. Najua mtaani kwetu watasema mwalimu amemfunga mwanafunzi wake, na wazazi wake watakuja jioni kukaa sebuleni kwako. Wapokee. Akitaka kukurudishia fedha, hiyo ni haki yako na hakuna sheria inayokukataza kuipokea, lakini iwe kwa maandishi, mbele ya mashahidi au mwenyekiti wa mtaa, ikitajwa kiasi chote na tarehe za kulipa, na isiwe na sharti la wewe kunyamaza. Sharti hilo likubali tu kama uko tayari kumtazama mwalimu mwenzako usoni siku gari lake litakapogongwa. Kama atafungwa au hatafungwa, hilo si lako kuamua. Mahakama huzingatia aliyekiri mapema na kurudisha alichochukua, na kwa sasa bado ana nafasi ya kufanya yote mawili. Kinyume chake, ukimfichia na akaendelea, idadi ya watu wanaomdai itaongezeka na hata huo uwezo wa kukurudishia utapotea.

Barua zote peleka mwenyewe kwa mkono, nakala yako igongwe muhuri wa mapokezi wenye tarehe, na jina la aliyepokea liandikwe. Gereji nayo mwombe fundi akuandikie orodha ya uharibifu kama ulivyo, taa moja ya kulia, asaini na kugonga muhuri wake. Akisita, livute gari ulipeleke kwa mwingine wiki hii.